Talaka Nairobi: Kulinganisha Njia na Gharama Zake Kabla ya Kuweka Sahihi

Mtu anayepiga simu katika ofisi ya wakili mjini Nairobi na kuuliza talaka ni shilingi ngapi hupata jibu la aina mbili. Ama anatajiwa kiasi papo hapo, ama anaulizwa swali: mnabishania nini? Wakili anayeuliza swali hilo ndiye anayeijua kazi yake, kwa sababu ada ya kuivunja ndoa yenyewe ni sehemu ndogo tu ya hesabu, na kinachopandisha gharama ni yale ambayo mume na mke bado hawajakubaliana siku ombi linapowasilishwa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Nairobi ambaye amekwisha kuamua kuachana na mwenzake, au anakaribia kuamua, na angependa kujua kila njia itamdai nini kabla hajaweka sahihi popote.

Faili moja au tatu

Sheria ya Kenya haiyatii mambo yote ya talaka katika kapu moja. Ndoa huvunjwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na ombi hupelekwa mbele ya hakimu, ambako kwa wakazi wengi wa jiji ni Milimani. Ulezi na matunzo ya watoto husimamiwa na Sheria ya Watoto ya 2022. Mgawanyo wa nyumba, ploti na akiba hufuata Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nao huwa ni kesi inayojitegemea. Thamani ya mali ikizidi shilingi milioni 20, ambacho ndicho kiwango cha juu cha hakimu mkuu, kesi hiyo huenda katika Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu. Kila faili ina ada yake ya kuwasilishwa, hati zake za kiapo, tarehe zake za kutajwa, na bili yake ya wakili.

Tuchukue wanandoa wa aina mbili. Wa kwanza wanapanga nyumba Umoja, hawana mtoto, na kila mmoja ana akaunti yake. Wa pili wana watoto wawili shuleni, nyumba ya mkopo Syokimau, ploti Kitengela iliyoandikwa jina la mume peke yake, na mkopo wa Sacco ambao mke ni mmoja wa wadhamini wake. Wote wakisema wanataka talaka, wale wa Umoja wanazungumzia faili moja na wale wa Syokimau wanazungumzia tatu, hata kama walifunga ndoa siku moja, katika ofisi ileile ya Sheria House. Ndiyo maana bei aliyolipa jirani, au binamu, au mwenzako wa kazini, haikusaidii kitu mpaka ujue yeye alikuwa na faili ngapi.

Aina ya ndoa nayo huamua mlango wa kuingilia. Sheria inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Ndoa ya kanisani na ile ya kiserikali huvunjwa na mahakama pekee. Waislamu wana Mahakama ya Kadhi. Waliooana kimila wanaruhusiwa kupitia kwanza kwa wazee. Walioishi pamoja bila ndoa yoyote hawana cha kuvunja, kwa hiyo wanaokoa ada ya talaka, lakini wasidhani wameepuka mahakama: tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja kwa miaka mingi hapa Nairobi, ikakataa kudhania kwamba kulikuwa na ndoa, na bado ikaigawa mali yao kwa asilimia 70 na 30 kulingana na mchango wa kila mmoja.

Kumlipa wakili au kujiwakilisha

Ada za mawakili nchini haziachwi huru kabisa. Agizo la malipo ya mawakili, lililotolewa chini ya Sheria ya Mawakili, huweka viwango vya chini, na wakili haruhusiwi kutoza pungufu ya hapo. Tangazo la mtandaoni linaloahidi talaka ya bei ya kutupwa kwa hiyo linapaswa kukutia shaka badala ya kukufurahisha, kwani ama mtangazaji si wakili, ama bei iliyotajwa ni ya hatua ya kwanza tu, na nyingine zitafuata moja baada ya nyingine. Chama cha Mawakili nchini kina orodha ya mtandaoni ambamo unaweza kuhakikisha kwamba jina ulilopewa lina cheti cha kufanya kazi mwaka huu, na kufanya hivyo hakugharimu hata senti.

Kuna mikataba ya malipo ya aina mbili inayofaa kulinganishwa. Katika aina ya kwanza mnakubaliana kiasi kimoja kwa kazi nzima, na katika aina ya pili unalipa kwa kila hatua: kuandika ombi, kupeleka samansi, kila siku ya kufika mahakamani, kila barua. Kwa kesi isiyo na upinzani, kiasi kimoja ni salama zaidi. Kwa kesi yenye upinzani, mawakili wengi hawatakubali kujifunga na kiasi kimoja, na mimi siwalaumu, kwa kuwa hawajui upande wa pili utaleta maombi mangapi ya dharura. La lazima ni kwamba makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi, kwa sababu Sheria ya Mawakili inayatambua makubaliano ya maandishi, na pasipo karatasi bili hupelekwa kwa msajili wa mahakama akaikadirie, jambo ambalo huweza kukuletea kiasi usichokitarajia. Uliza pia kama kiasi ulichotajiwa kinajumuisha kodi ya VAT ya asilimia 16, kwani wakili aliyesajiliwa kwa kodi hiyo akikutajia shilingi 100,000 bila kodi, utalipa 116,000. Na akikuambia hutalipa kitu sasa bali atachukua sehemu ya nyumba mkishinda, ondoka, kwa kuwa sheria inakataza mapatano ya namna hiyo.

Kujiwakilisha kunaondoa bili hiyo yote lakini hakuondoi kazi. Utaandaa ombi, hati ya kiapo inayolithibitisha, nakala ya cheti cha ndoa, maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo. Utaapa mbele ya kamishna wa viapo. Utapakia kila kitu katika mfumo wa kielektroniki ambao mahakama za Nairobi zimeutumia tangu Julai 2020, na kulipa ada kwa simu. Mbele ya hakimu unaweza kuzungumza Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha za mahakama za chini, ingawa karatasi karibu zote huandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hulazimika kumtafuta mtu wa kuwaandikia. Asiyeweza kabisa kulipa ada ya mahakama anaweza kuomba ruhusa ya kushtaki kama maskini chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai.

Kati ya njia hizo mbili kuna ya tatu. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo, na miongoni mwa kazi zake ni kuwafundisha wanaotaka kujiwakilisha. Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwapo tangu 1973, huwahudumia maskini wa jinsia zote, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Huduma hizi hupima kwanza uwezo wa mwombaji, kwa hiyo mwenye mshahara mzuri asizitegemee.

Kwa wanandoa wa Umoja, ningesema kujiwakilisha, au kumlipa wakili kiasi kimoja, vyote vinafaa. Kwa wale wa Syokimau, kujiwakilisha katika faili ya mali ni kubana matumizi mahali pasipostahili.

Ombi lenye upinzani na lisilo na upinzani

Hapa ndipo tofauti kubwa zaidi ya gharama ilipo, na haitegemei umaarufu wa wakili. Mjibu ombi asipopinga, kesi husikizwa kwa muda mfupi: mwombaji anaeleza, chini ya kiapo, kwa nini ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishwa, na hakimu anaamua. Akipinga, na hasa akileta ombi lake la kujibu mapigo, kunakuwa na mashahidi wa pande mbili, maswali ya mawakili wawili, maandishi ya kufunga kesi, na tarehe zinazoahirishwa.

Hata hivyo, kutokuwa na upinzani si sawa na kukubaliana tu. Sheria ya Ndoa haina kifungu kinachosema kwamba mume na mke wakichokana inatosha. Lazima sababu itajwe na ithibitishwe, iwe uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au kutengana. Maombi huandikwa yakieleza pia kwamba mwombaji hajala njama na mwenzake. Kwa wanandoa wa kiserikali wanaotaka kuachana kwa heshima, sababu yenye gharama ndogo zaidi ni kutengana kwa angalau miaka miwili, kwa maana huthibitishwa kwa mkataba wa nyumba na ushahidi wa mtu mmoja au wawili. Sababu yenye gharama kubwa ni uzinzi unaokanushwa. Mtu huanza kulipia picha, taarifa za simu na mashahidi wasiotaka kuja, ili athibitishe jambo ambalo mara nyingi halimwongezei chochote katika mgawanyo wa mali. Kama hasira ndiyo inayochagua sababu, mwenye hasira ndiye atakayelipia.

Gharama nyingine inayosahaulika ni ya kumfikishia mwenzako samansi. Akiwa anapatikana, hii ni kazi ya siku moja ya mtu aliyeidhinishwa na mahakama. Akiwa amehama bila kuacha anwani, zamani ilibaki kuomba ruhusa ya kutangaza gazetini, na nafasi ya tangazo katika gazeti la kitaifa si ya bei ya chini. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu pia samansi kupelekwa kwa baruapepe au kwa programu ya ujumbe wa simu kama WhatsApp, kwa hiyo namba inayotumika, yenye alama zinazoonyesha kwamba ujumbe umefika, inaweza kukuokolea pesa za tangazo. Usiifute namba hiyo kwa uchungu.

Mbele ya Kadhi

Katiba, katika Ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Ukilinganisha na Milimani, utaratibu ni mwepesi, watu wengi hufika bila wakili, na Kiswahili ndicho kinachotawala ukumbini. Gharama zenyewe ziko kwingine: ziko katika aina ya talaka.

Mume akitoa talaka, mke hubaki na mahari yake, na kama sehemu ya mahari ilikuwa deni, deni hilo hudaiwa sasa. Pia kuna masurufu ya kipindi cha eda. Mke akiomba khului, anajikomboa kwa kurudisha mahari au kiasi walichopatana. Akiomba faskhi, yaani Kadhi mwenyewe aivunje ndoa, kwa sababu hatunzwi au anadhuriwa, harudishi mahari aliyokwisha kustahiki, lakini atabeba mzigo wa kuthibitisha. Kwa mwanamke, basi, uchaguzi ni kati ya kununua wepesi na kulipia ushahidi. Mwenye risiti za kodi ya nyumba na karo alizolipa peke yake kwa muda mrefu, na ndugu walio tayari kusimama mbele ya Kadhi, hana haja ya kukimbilia khului kwa sababu tu shemeji wamemwambia ndiyo njia ya haraka. Jambo moja halina mjadala: talaka iliyotamkwa sebuleni ipelekwe ikaandikwe, kwa kuwa bila cheti chake utasumbuka siku ya mirathi, siku ya pasipoti ya mtoto, na siku ya kuolewa tena.

Wazee na kanisa

Kwa ndoa ya kimila, kikao cha wazee ni cha gharama ndogo kwa pesa taslimu, ingawa si bure: kuna nauli za kwenda mashambani, chakula, na katika jamii kadhaa suala la kurudisha mali ya mahari. Ikiwa mahari ililipwa kwa mifugo, uliza mapema itahesabiwa kwa bei gani. Maafikiano ya wazee hupunguza ubishi, lakini hukumu ya kuvunja ndoa bado hutolewa na mahakama.

Kanisa Katoliki lina mahakama yake inayochunguza kama ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, na mwaka 2015 Papa Francis alirahisisha utaratibu huo na kuhimiza waumini wasitozwe ada. Uamuzi huo unakuruhusu kurudi altareni tu. Mbele ya serikali bado umeoa au umeolewa.

Upatanishi au ushahidi

Watoto na mali ndivyo vinavyokula pesa, na katika vyote viwili kuna njia ya kusikilizana na njia ya kushindana. Kwa watoto, afisa wa watoto katika kaunti ndogo huwakutanisha wazazi bila malipo na kuandika makubaliano juu ya ulezi, karo, matibabu na siku za kutembelea. Mkataba wa majukumu ya wazazi unaweza kupelekwa mahakamani ukawa amri. Linganisha na kesi yenye ripoti za uchunguzi, mawakili wawili, na mtoto anayeulizwa anataka kukaa na nani. Katiba inawawajibisha wazazi wote wawili hata kama hawakuwahi kuoana, hivyo kupigania kutolipa ni kulipa wakili kwanza na karo baadaye.

Kwa mali, upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama ulianza Milimani mwaka 2016, na wahusika hawamlipi mpatanishi. Muda wake ni siku 60, ambazo huweza kuongezwa kidogo. Upatanishi wa binafsi hulipiwa, kwa kawaida kwa saa au kwa kikao na kwa kugawana, lakini unauanza mnapotaka na unamchagua mtu mnayemwamini. Wenye mali ndogo wangoje ule wa mahakama. Wenye biashara inayoendelea, ambayo kila mwezi wa mgogoro unaiumiza, huenda ule wa kulipia ukawagharimu kidogo zaidi mwishowe.

Wakishindwa kusikilizana, wajiandae kwa ushahidi. Siku ileile ya Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua pia kwamba usawa unaotajwa na Katiba haumaanishi nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Sheria inahesabu kazi za nyumbani, malezi, kilimo na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango, na mke katika kesi hiyo aliuthibitisha wake, akabaki na nusu aliyopewa na Mahakama ya Rufaa. Lakini ilimbidi apitie ngazi tatu za mahakama, na kila ngazi ina bili yake. Uamuzi huo umefanya karatasi kuwa na thamani: taarifa za M-Pesa za saruji na mafundi, makato ya Sacco kwenye karatasi ya mshahara, risiti za karo. Anayezikusanya kabla ya kumwona wakili hupunguza saa atakazotozwa.

Halafu kuna kodi, ambayo mawakili huitaja mwishoni na ilipaswa kutajwa mwanzoni. Tuseme nyumba ya Syokimau ilinunuliwa kwa milioni 6 na sasa ina thamani ya milioni 10. Mmoja akimwachia mwenzake sehemu yake kama sehemu ya mapatano ya talaka, sheria ya kodi ya mapato haihesabu hilo kuwa uhamisho unaotozwa kodi ya faida ya mtaji. Wakiiuza kwa mtu wa nje ili wagawane fedha, faida ya milioni 4, kabla ya kutoa gharama zinazokubalika, huweza kutozwa asilimia 15, yaani hadi shilingi 600,000, isipokuwa kama wameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza. Kwa sababu hiyo, anayehama nyumba kwa hasira na kuiacha ipangishwe kabla hawajapatana anaweza kuipoteza nafuu hiyo. Ploti ya Kitengela, ambayo hakuna aliyewahi kuishi, haina kinga ya makazi.

Na benki? Benki haikuwapo mahakamani. Amri ya kumpa mke nyumba haimwondoi mume katika mkopo mpaka benki ikubali, na benki itataka kujua kama mshahara mmoja unatosha. Sacco ni vilevile: mdhamini hubaki mdhamini hadi deni liishe au apatikane mwingine. Mke wa Syokimau asipolidai jambo hilo liandikwe kwenye mapatano, atakatwa akiba yake kwa ajili ya mtu ambaye si mume wake tena. Kwa upande wa ploti, kusajili zuio kwenye hati ya ardhi ni gharama ndogo inayostahili kutangulia nyingine zote, kwani kuifuata ardhi iliyokwisha kuuzwa ni kesi ya nne.

Kutengana bila talaka

Wapo wanaochagua hati ya kutengana, au amri ya mahakama ya kutengana, badala ya talaka. Hati huandikwa na wakili mmoja kwa kila upande na kwa kawaida hugharimu chini ya kesi. Inawafaa wanaozuiwa na imani, wanaosubiri watoto wamalize shule, na wanaotaka ile miaka miwili ianze kuhesabiwa kwa ushahidi wa maandishi. Haiwafai wanaotarajia kuoa au kuolewa tena, wala wanaohofia madeni ya mwenzao, kwa kuwa wao bado ni mume na mke, na mmoja akifariki yule mwingine bado ni mjane mbele ya sheria ya mirathi.

Walio tayari kwenda hadi mwisho waulize jambo moja katika mazungumzo ya bei: je, kiasi hicho kinafika hadi amri ya mwisho? Mahakama hutoa kwanza amri ya awali, kisha, baada ya muda iliouweka, amri ya mwisho, na kuichukua kunahitaji ombi na ada ndogo. Baadhi ya watu husherehekea ya kwanza, wanaacha kulipa, na faili inabaki hapo hapo. Siku wanapopeleka notisi ya ndoa mpya kwa msajili, karatasi wanayoitiwa ni ya pili.